Kabla hujabadilisha gari la mashindano na gari la kutesa nalo mjini, piga hesabu hizi

"Nipe hilo lako, uchukue hili langu, kisha uniongezee laki mbili tu." Ukiwa kijana mwenye gari la mashindano, ofa ya aina hii utaipata mapema kuliko unavyodhani. Utaipata kwenye gereji, utaipata pale magari yanapooshwa, na siku hizi utaipata kwenye simu saa tano usiku. Picha inayoandamana nayo huwa tamu: gari la spoti, rangi inang'aa, rimu nyeusi, viti vya ngozi. Halafu unalitazama lako, limejaa vumbi la autokrosi, halina kapeti wala redio. Moyo unaanza kuyumba.

Kama unaishi Manyatta, nami nasema Manyatta ya Embu, si ile ya Kisumu, kuyumba huko kuna sababu. Eneobunge hili halina uwanja wa mbio za magari. Ukitaka kushindana kihalali, mara nyingi itakubidi ushuke hadi upande wa Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 120, gari likiwa juu ya trela, na urudi vivyo hivyo. Wikendi moja inameza mafuta, tairi, ada ya kushiriki na chakula cha makanika. Wiki zinazobaki, ndai imelala chini ya turubai kando ya stoo ya kahawa, na mzee anauliza kila asubuhi: hilo dude linazalisha nini?

Kwa hivyo kuuza si aibu, na kubadilisha si ujinga. Swali la maana ni hili: unajua ni kitu gani unachouza? Gari la mashindano na gari la spoti la barabarani yanaweza kuwa na jina moja, hata injini moja, lakini sokoni hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa. Asiyeielewa tofauti hiyo ndiye hupoteza doo, na wakati mwingine hupoteza zaidi ya doo.

JINA MOJA, MAGARI MAWILI

Mapenzi haya hayakuanza jana. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miongo mingi ilikimbizwa kwenye barabara za kawaida, zile zile walizotumia wakulima kupeleka mazao sokoni. Joginder Singh aliishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta akaishinda mara tano. Kisha ukaja wakati wa Subaru. Colin McRae alishinda mwaka 1997 akiwa na Impreza, naye Richard Burns akashinda na gari la kampuni hiyo hiyo mwaka 2000. Kabla yao, mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru alikuwa ameshaonyesha ubishi wake kwa kuimaliza Safari akiwa na Subaru Vivio, gari dogo lenye injini isiyofika hata cc 700. Mashindano ya dunia yaliondoka Kenya baada ya 2002, yakarejea mwaka 2021 kule Naivasha, na kizazi kipya kikaambukizwa homa ile ile.

Katika historia hiyo kuna jambo moja linalokuhusu moja kwa moja. Miaka ya 1980 na 1990, sheria za mbio ziliwataka watengenezaji wauzie umma maelfu ya magari ya aina waliyotaka kushindana nayo. Ndiyo maana Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution zilifika hadi kwa mwalimu na mfanyabiashara wa kawaida. Lilikuwa gari la mbio lililovalishwa nguo za nyumbani.

Wewe ulifanya kinyume chake. Ulichukua lile la nyumbani, ukalivua nguo. Ulitoa viti vya nyuma, kapeti na pengine hata kipasha joto. Ukaweka kizimba cha vyuma ndani, kiti kimoja cha mashindano, mikanda ya pointi nne, shokabzoba ngumu na ekzosi inayoamsha kijiji kizima. Kila hatua iliongeza kasi uwanjani, na kila hatua ilipunguza idadi ya watu wanaoweza kulinunua.

LAMI YA KIANJOKOMA SI UWANJA

Wapo vijana wanaosema: "Mimi sitauza. Nitalitumia tu barabarani, hivyo hivyo lilivyo." Kabla hujawaiga, elewa jinsi vifaa vya mbio vinavyofanya kazi.

Anza na kizimba. Uwanjani kinaokoa maisha kwa sababu dereva amevaa helmeti na amefungwa kitini kwa mikanda inayombana asisogee. Barabarani huvai helmeti. Gari likigongwa ubavuni, hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kichwa chako kinaweza kukutana na bomba la chuma lililo sentimita chache tu kutoka sikioni. Kitu kilichowekwa kukulinda kinageuka nyundo.

Fuata breki. Pedi nyingi za mashindano zimetengenezwa zifanye kazi zikiwa moto sana. Zikiwa baridi, haziumi vizuri. Sasa fikiria asubuhi ya mwezi Julai, ukungu umetanda, unateremka kutoka Kianjokoma kuelekea Embu mjini, halafu mtoto wa shule anavuka ghafla. Zile breki ulizozisifu uwanjani zinahitaji kupashwa moto kwanza, na huyo mtoto hana muda wa kuzisubiri.

Tairi nazo ni hivyo hivyo. Tairi ya mbio ya lami, isiyo na mikato ya kutosha, hushika ajabu penye ukavu. Mvua ikinyesha maji hayana pa kupitia, na tairi huanza kuelea juu yake. Nasi tunaishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mvua haiombi ruhusa. Ukiacha lami na kuingia barabara ya udongo mwekundu kuelekea nyumbani, gari lililoshushwa hadi chini litagonga tumbo katika kila mtaro.

Kuna pia bima. Bima dhidi ya hasara kwa watu wengine ni lazima kisheria kwa kila gari linalotembea barabarani. Lakini soma ile karatasi ya bima hadi mwisho. Mikataba mingi ya bima ya gari haigharamii hasara inayotokea gari likiwa kwenye mbio au majaribio ya kasi, na mabadiliko makubwa ambayo hukuyatangaza yanaweza kukuletea mzozo siku ya kudai. Kushindana kwenye barabara ya umma bila kibali nako ni kosa la trafiki, hata kama ni saa nane usiku na mbogi nzima imekubali kusimama kando na kurekodi video.

Kwa hivyo, ikiwa siku za uwanjani zimekwisha, ama ulirudishe gari katika hali ya kuendeshwa barabarani, ama ulikabidhi kwa mtu atakayelipeleka uwanjani.

PESA ULIYOIZIKA HAIRUDI

Tuseme, kwa mfano tu, ulinunua Impreza kwa shilingi 700,000. Ukaweka kizimba, kiti, mikanda, difu, shokabzoba na tuni ya kompyuta ya injini, jumla shilingi 450,000. Kichwani mwako gari sasa ni la shilingi 1,150,000. Anakuja mnunuzi wa kawaida, mwenye familia. Haoni shilingi 450,000 hata moja. Anaona gari lisilo na viti vya nyuma, lenye kelele, na ambalo limeshurutishwa maisha yake yote. Anakupa laki tano. Unamwona mwizi. Si mwizi. Anachopima ni matumizi yake, ilhali wewe unapima jasho lako.

Hiyo 450,000 ilikuwa gharama ya mchezo, kama vile mchezaji soka anavyonunua viatu. Uliitumia, ukafurahi, imekwenda. Ukishalikubali hilo moyoni, milango mitatu inafunguka.

Mlango wa kwanza ni kumtafuta mshindani mwenzako. Huyu ndiye pekee anayelipia kizimba na difu, kwa sababu kuvijenga upya kungemgharimu zaidi. Mpate kupitia klabu za mbio za magari na siku za mashindano yenyewe, hasa kabla ya msimu kuanza, wakati watu wanajipanga. Mwonyeshe rekodi: oili ilibadilishwa lini, injini ilifunguliwa lini na kwa nini, gari lilianguka au halikuanguka. Mshindani haogopi gari lililowahi kugonga. Anaogopa anayeficha.

Mlango wa pili ni kulivua vifaa na kuviuza kimoja kimoja, kisha urudishe vile vya kiwandani na kuuza gari kama gari la kawaida. Hapa ndipo utajua kama ulikuwa na busara ya kuweka viti, springi na ekzosi ya awali kwenye stoo, au uliviuza kwa vyuma chakavu. Kazi hii inachukua miezi, lakini mara nyingi jumla yake huzidi bei ya kuuza kila kitu pamoja.

Mlango wa tatu ndio ule wa ofa ya saa tano usiku: kubadilishana kwa nyongeza. Ni mwepesi kuliko yote, na ndio wenye mtego.

MTEGO WA NYONGEZA

Mtego wenyewe ni rahisi. Ukiambiwa "ongeza laki mbili", akili inaishughulikia ile laki mbili na kusahau bei za magari yenyewe. Broka anajua hivyo. Anaweza kulipandisha lake kwa laki tatu na kulishusha lako kwa laki mbili, na wewe ukaondoka ukishangilia kwamba ulimshusha nyongeza kwa elfu thelathini.

Dawa yake ni kukataa kuzungumzia nyongeza kwanza. Mwulize: "Kama ningekuja na pesa taslimu, ungeniuzia hili lako kwa ngapi?" Kisha: "Na kama ungelinunua langu taslimu, bila kubadilishana, ungenipa ngapi?" Linganisha majibu hayo na bei za magari ya mwaka na hali kama hiyo yanayouzwa kwingine. Tofauti ya bei mbili za kweli ndiyo nyongeza ya kweli. Akikataa kutaja bei ya taslimu, amekujibu.

Jihadhari pia na misimu. Wakati wa bonasi ya majani chai au malipo ya kahawa, wauzaji wanajua pesa iko vijijini, na bei hupata mabawa. Ikiwa nyongeza yenyewe inatoka kwa mkopo wa Sacco uliodhaminiwa na shosho, hiyo si nyongeza yako peke yako. Ni majani chai yake.

Kisha kagua hilo gari la spoti kama adui. Huenda nalo liliwahi kuwa la mashindano, likavalishwa upya na kupigwa rangi. Inua kapeti. Tafuta matundu yaliyozibwa au alama za kuchomelea sakafuni na kwenye nguzo za milango, mahali ambapo kizimba hufungwa. Angalia kama boliti za viti zimefunguliwa mara nyingi. Washa injini ikiwa baridi, si baada ya mwenyewe kuipasha moto kabla hujafika. Moshi wa bluu unaashiria oili inaungua. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamu, unaashiria maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Mlipe makanika wako, si wake, apime mgandamizo wa kila silinda, kwani silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, nyongeza yako itaishia gereji. Asiyekubali gari lake lipimwe anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la gari ni logibuku. Sheria ya trafiki ya Kenya inamhesabu mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Maana yake ni kwamba mkibadilishana funguo na kupeana mikono tu, kisha mwenzako akagonga mtu kule Runyenjes, atakayetafutwa kwanza ni wewe uliyelala nyumbani Kairuri.

Uhamisho wa umiliki unapaswa kushughulikiwa ndani ya siku 14, na sasa hufanyika mtandaoni kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Kubadilishana magari mawili ni mauzo mawili. Andikeni mikataba miwili, kila mmoja ukitaja namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, bei na tarehe, kisha mfanye uhamisho wa magari yote mawili. Usikubali habari ya "fanya wako kwanza, wangu nitafanya wiki ijayo".

Kabla ya hapo, fanya upekuzi wa rekodi za gari lake huko huko NTSA uone jina la mmiliki. Usiishie hapo. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana, wakopeshaji huandikisha haki zao kwenye sajili ya dhamana ya serikali. Gari linaweza kuonekana safi mikononi mwa mtu kumbe limewekwa rehani. Pekua huko pia. Mkopeshaji atakapokuja na lori la kuvuta, hatajali kwamba wewe uliongeza laki mbili.

Na daftari lako je? Magari mengi ya mashindano yamebadilishwa injini. Kama namba iliyo kwenye injini hailingani na iliyo kwenye logibuku, mnunuzi makini atakimbia, na ana haki. Sajili mabadiliko hayo kabla ya kutangaza gari, pamoja na rangi ikiwa uliipiga upya.

GARI GANI LITAISHI HUKU JUU?

Tuseme kila kitu kimeenda sawa. Bado unachagua gari litakaloishi Manyatta, si Dubai.

Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, zilizotoka mwaka 2012, ni tamu kuendesha. Injini ya lita 2 isiyo na turbo hutoa nguvu za farasi 200 hivi. Lakini hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya bahari. Zile farasi 200 zinakuwa kama 175 kabla hata hujaanza kupanda kuelekea Kianjokoma. Tumbo la gari liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, na nguvu yote iko kwenye tairi za nyuma. Kwa anayeishi kando ya lami, sawa. Kwa anayemalizia safari kwenye kilomita mbili za matope, atalala njiani.

Mazda RX-8, iliyotengenezwa hadi 2012, huuzwa bei inayovutia, na kuna sababu. Injini yake haina pistoni za kawaida, na imeundwa iunguze oili kidogo kila inapofanya kazi. Asiyejua hivyo huiua. Kabla ya kulitamani, hakikisha yupo fundi karibu nawe aliyewahi kuifungua injini ya aina hiyo.

Impreza WRX ya barabarani, ambayo haijavuliwa nguo, ndiyo inayoelewana na miteremko hii. Turbo inafidia hewa nyepesi, magurudumu yote manne yanavuta, vipuri vinapatikana, na mafundi wa kuijua hawakosekani. Hata hivyo iliyo safi inazidi kuadimika. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo zile za miaka ya 1990 na 2000 haziwezi tena kupitia bandari ya Mombasa. Zilizopo ni zile zilizoingia zamani, na kila mwaka kuna zinazopinduka.

Hilo ligeuze upande wako pia. Ikiwa lako la mashindano ni la enzi hizo, bodi yake haijaoza na namba zake zinalingana na logibuku, una kitu kisichoweza kuagizwa tena. Usiache mbachao kwa msala upitao. Pengine jibu si kubadilisha, bali ni kulivalisha nguo upya polepole, kifaa kimoja kila msimu wa mavuno.

Lakini kama umepiga hesabu zote na bado unataka kuuza, uza bila kinyongo. Kutokuwa na gari la mashindano hakukuondoi mchezoni. Mbio zinahitaji wasoma ramani, wapima muda, mafundi na wasimamizi wa njia, na wengi wao hawana hata gari la kuendea kazini. Uza kizimba, uza difu, uza viti. Helmeti ibaki ukutani. Bei yake sokoni ni ndogo, na siku mwenzako atakapokosa msoma ramani, ndiyo kitu cha kwanza atakachokuuliza kama unacho.